Wimbo Uliokimbia

Baba yangu hajawahi kumaliza harusi ya mtu. Hufika viti bado vinapangwa, huwapa mkono wenyeji mmoja mmoja, hula kabla bwana harusi hajaingia, kisha ukigeuka unamwona amesimama mlangoni anachezea funguo mfukoni, utadhani ameacha jiko linawaka. Nyumbani hakuna jiko linalowaka. Mama akirudi baadaye humkuta amekaa ukingoni mwa kochi, viatu miguuni, anasubiri jambo lingine la kuharakia.

Simsengenyi. Ugonjwa huo nami ninao. Kazi yangu ni kupokea wagonjwa dirishani kwenye zahanati, na mara kadhaa daktari amenitumia salamu kwamba nipunguze kasi, watu wamejaa mlangoni kwake naye yuko peke yake. Lakini haraka yangu ni ya mtu wa kawaida. Ya baba iliingia kwenye santuri, ikachezwa kwenye kumbi, na hadi leo watu wanaitolea jasho.

Kwa kazi baba ni fundi bodi. Hunyoosha magari yaliyogongwa. Ukipita nje ya gereji yake utasikia nyundo kabla hujauona mlango, na ukiwa na masikio utagundua kwamba ile nyundo huanza taratibu, kisha inachanganya, kisha inakimbia, halafu kimya, halafu unasikia anaomba msamaha. Bati likipigwa kupita kiasi hulegea, likavimba kama shavu lenye jino bovu, na fundi hulazimika kuanza upya. Baba ameanza upya mara nyingi sana katika maisha yake.

Kabla ya nyundo alishika fimbo za ngoma. Enzi za disko, suruali za bugaluu zenye miguu mipana na viatu vya raizoni vyenye soli nene, kulikuwa na bendi iliyoitwa Vioo Vitano. Walikuwa watano kweli. Gitaa na amri zote vilikuwa vya Sajenti, ambaye hajawahi kuvaa gwanda hata siku moja ila alizaliwa na sauti ya kufokea watu. Besi na kinanda walipiga ndugu wawili walioitwa Pacha, ingawa mmoja alimzidi mwenzake kwa miaka mingi tu. Ngoma zilikuwa za baba. Mwimbaji alikuwa mama mkubwa wangu, dada yake mama, mwanamke mfupi aliyekuwa na imani moja isiyotikisika: bila raizoni zake miguuni, sauti haipandi.

Bendi ile ilitoa kibao kimoja. Kimoja tu. Kinaitwa "Kaa Kidogo".

Kama umewahi kwenda kwenye sherehe yoyote yenye watu wa umri wa wazazi wangu, umekisikia. Kinaanza kwa upole, mama mkubwa anamsihi mtu asiondoke, akae kidogo, chai bado ya moto, na kadhalika. Ukifika katikati unahisi kitu kinakusukuma mgongoni. Ni ngoma. Zimeanza kutangulia. Mara gitaa linazifuata, besi inazifuata, mama mkubwa anaanza kuyakata maneno ili aziwahi, na kufikia ubeti wa mwisho bendi nzima inatimua mbio huku mwimbaji bado anamwomba mtu akae. Kisha, pu. Umekwisha.

Watu waliupenda kwa ajili ya zile mbio. Mahali pale pa kuanza kusukumwa, wanawake wazima huvua viatu na kuvishika mkononi, wanaume hulegeza tai, na mchezo ni kuona nani atabaki katikati ya ukumbi hadi ile pu. Sisi watoto tuliutumia kuosha vyombo. Redio ikiuanza, tunashindana kumaliza sinia kabla wimbo haujatushinda, na vikombe vingapi vilivunjika mama ndiye anayejua. Nyumba nzima ilikuwa na raha ya ajabu wakati ule wimbo ukipigwa. Baba peke yake alikuwa anatoka nje.

Alikuwa anatoka kwa sababu Sajenti hakuwahi kuziita zile mbio kitu kingine zaidi ya kosa. Walipoingia studio kurekodi wimbo wa pili, alimwacha baba nyumbani, akatafuta mpiga ngoma aliyetulia. Wimbo huo ulinyooka kama rula na hakuna aliyeucheza. Bendi ikafa. Ungetegemea Sajenti ajifunze kitu hapo, lakini wapi. Kila akihojiwa redioni aliulizwa juu ya "Kaa Kidogo", na kila mara alicheka na kusema, "Mpiga ngoma wetu alikuwa na kiherehere, bwana, tungefanyaje?" Baba aliyasikia hayo akiwa chini ya magari ya watu. Hakuwahi kumjibu. Aligonga tu.

Sasa juzi juzi ule ukumbi mkubwa wa zamani, uliokuwa umefungwa na kugeuzwa ghala la magodoro, ukakarabatiwa. Wenyewe wakaamua kuufungua kwa bendi za wakati ule, kila bendi wimbo wake. Sajenti akaja gereji. Nilikuwepo, nimempelekea baba chakula cha mchana, na alikuwa ameshakimaliza kabla sijakaa.

"Tunaupiga," Sajenti akasema, bila hata kuomba kiti. "Pacha wote wapo. Shemeji yako ataimba amekaa, miguu inamsumbua. Umebaki wewe."

"Mimi nipo," baba akasema.

"Upo, ndiyo. Tatizo lako siyo kuwepo, ni kutangulia." Akatoa mfukoni kidude kidogo cha kuweka sikioni. "Hiki kinapiga tik, tik, tik. Mwendo mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Utakuwa nacho kila siku, na siku yenyewe utakuwa nacho. Kwenye mazoezi ukikimbia, mtambo utapiga ngoma na wewe utakaa na wageni. Tumekuwa wazee, mwenzangu. Nataka mara moja tu niusikie wimbo wangu jinsi nilivyoutunga."

Nilikuwa na sufuria mkononi na nilitamani sana kumpiga nayo. Baba akakipokea kile kidude kwa mikono miwili.

Sajenti alipoondoka nilimwambia, "Baba, mtu amekusema redioni miaka yote hii, leo unamshukuru?"

"Nataka niupige mara moja mbele za watu, umetulia," akasema. "Waone kwamba naweza. Basi. Nikishaweza, waseme watakalo."

Nikamwangalia usoni nikaona hatanii. Alilitaka jambo lile kuliko nilivyowahi kumwona akitaka chochote, na nikaanza kuogopa.

Ndipo nyumba yetu ikaingia wazimu wa aina mpya. Baba alifanya kazi na kidude sikioni, akanyoosha milango ya magari kwa tik, tik. Alitembea nacho. Alitafuna nacho. Mama alikuwa anamtazama mezani akipeleka kijiko mdomoni kwa mpangilio, anainamisha kichwa kidogo, anasubiri, ndipo anameza. Na kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu, wazazi wangu walikuwa wanamaliza chai pamoja. Maisha yao yote mama alilalamikia chai ile. Kikombe cha baba kilikuwa tupu na baba mwenyewe yuko barabarani kabla yeye hajakoroga sukari. Nikadhani sasa atafurahi.

"Umepata ulichokitaka," nikamwambia siku moja tulipobaki wawili.

Mama alikuwa anafuta meza. Aliifuta mahali pamoja kwa muda mrefu.

"Zamani nilikuwa nakaa na mtu anayetaka kuondoka," akasema. "Sasa nakaa na saa ya ukutani. Mwanangu, kati ya hivyo viwili mimi najua kipi nilikichagua."

Mimi sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa napita gereji kila nikitoka zahanati, nasimama nje nasikiliza nyundo, nikiomba isichanganye, kisha inapokaa sawasawa naona vibaya. Sijui nilitaka nini. Mazoezini Sajenti alikuwa ameridhika, na Sajenti akiridhika mimi huwa nahisi kuwashwa mwili mzima.

Jioni moja kabla ya siku yenyewe nilimkuta baba amekaa juu ya tairi, kidude kipo kiganjani. Nikakaa tairi la pili. Nikamuuliza kitu ambacho hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumuuliza, kwa kuwa tulidhani jibu tunalo.

"Siku ile ya kurekodi, ilikuwaje hata ukakimbia?"

Nilitegemea aseme kwamba yeye ndivyo alivyo. Akageuza kile kidude mkononi.

"Shemeji alisahau viatu vyake," akasema.

"Mama mkubwa?"

"Alifika studio na kandambili. Akagoma kuimba. Ikabidi aitwe mdogo wake avilete. Akaja, amevaa lile koti la kiwanda cha biskuti alikofanya kazi, akavitoa viatu kwenye mfuko, akakaa juu ya sanduku karibu na mlango asikilize. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona. Tukaanza. Mara ya kwanza Pacha mmoja akakosea, mara ya pili mwingine. Fundi mitambo akasema mkanda uliobaki unatosha mara moja tu, tutakachopiga ndicho hichohicho. Tukaanza tena. Tumefika katikati, nanyanyua macho, namwona yule msichana amesimama. Amechukua mfuko wake. Nikajua zamu imemwita. Na mimi hata jina sijamuuliza."

Nikamsubiri aendelee, jambo ambalo kwangu ni gumu.

"Kuacha kupiga siwezi, mkanda unazunguka," akaendelea. "Kumwita siwezi, shemeji anaimba. Kilichobaki kilikuwa ni kuumaliza wimbo. Basi nikaumaliza. Nilitoka mbio na fimbo mkononi, nikamkuta barabarani. Wenzangu huko ndani walikuwa wananitukana hadi huku nasikia."

Nikauliza, "Mama anajua?"

"Na usimwambie."

"Kwa nini?"

"Kwanza atavimba kichwa." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Halafu watu wote wanasema ni kosa. Sitaki ajue kwamba kosa lenyewe ni yeye."

Akakirudisha kidude sikioni akainuka. Nilirudi nyumbani nimefunga mdomo, na kufunga mdomo ni kazi ambayo sikuisomea.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana. Ukumbi ulinukia rangi mpya. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kando, katikati pameachwa wazi, na juu limening'inia lile dubwana la duara lenye vipande vya vioo, linazunguka na kumwagia watu madoa ya mwanga usoni. Wazee walikuwa wamependeza. Kuna mmoja alikuwa amevaa bugaluu yake ya ujanani, imembana tumboni hadi anaongea kwa kubania pumzi. Mimi na mama tulikaa safu ya mbele. Mama alikuwa na mkoba wake mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

Vioo Vitano walipopanda, ukumbi ulipiga makofi hadi nikasisimka. Mama mkubwa aliketishwa kwenye kiti mbele ya kipaza sauti. Daktari alishampigia marufuku viatu virefu, naye alikuwa amezivaa raizoni zake vilevile, akiwa amekaa, miguu imenyooka mbele ili kila mtu azione. Baba alikuwa nyuma. Shati jeupe, kidude sikioni. Alikuwa anaangalia ngoma zake na hakuangalia kitu kingine.

Wimbo ukaanza, na watu wakajaa katikati kabla mama mkubwa hajafungua kinywa. Walicheza ile ya mwanzo kwa kujibana, kama watu wanaojitunza. Kila mtu alijua kinachokuja. Tulipofika pale mahali penyewe niliona viatu vinavuliwa, tai zinalegezwa, watu wanatazamana na kucheka.

Hakuna kilichotokea. Ngoma ziliendelea palepale zilipokuwa.

Watu walisubiri. Wakadhani pengine wamesahau, pengine ni mbele kidogo. Ubeti ukapita, wimbo unatembea tu, safi, umenyooka, kila kitu mahali pake. Sajenti alikuwa amefumba macho kwa utamu. Mama mmoja aliyeshika viatu vyake akaviangalia, akavivaa tena. Wa kwanza akarudi kukaa, wa pili akamfuata. Yule wa bugaluu alikuwa bado amesimama katikati, mikono chini, anaangalia jukwaani kwa macho ya mtu aliyedanganywa.

Na baba alikuwa anaweza. Hilo ndilo lililoniuma. Uso ulikuwa umemkauka, jasho linamtiririka shingoni, anapiga kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani juu ya sakafu inayoteleza, na hamwagi hata tone. Alikuwa amepata alichokitaka. Watu walikuwa wanamwona ametulia, na watu walikuwa wanakwenda kukaa. Miguu yangu ilikuwa inagonga sakafu yenyewe. Nilitaka kusimama nipige kelele, nikaona nitamwaibisha zaidi.

Mama akasimama.

Akaweka mkoba begani. Nikamshika nguo.

"Mama, unakwenda wapi? Wimbo haujaisha."

"Naondoka," akasema.

"Sasa hivi? Baba atakuona."

Angeweza kupita kando, nyuma ya viti, ambako hakuna ambaye angemwona. Alipita katikati. Mwanamke mmoja na mkoba wake, anakata ukumbi mtupu kuelekea mlangoni, hatua za mtu mwenye safari, na vile vipande vya mwanga vinamteleza mgongoni.

Nikageuka kumwangalia baba. Alikuwa amenyanyua macho.

Nilikuwa karibu kiasi cha kuuona ule uso ukibadilika. Aliangalia mlango, akamwangalia mama, akaangalia mlango. Kichwa kilitikisika mara moja, kwa nguvu, na kile kidude kikaruka kutoka sikioni kikapotelea chini ya viti. Na ngoma zikatangulia.

Sajenti alifumbua macho kana kwamba amemwagiwa maji. Akageuka nyuma, mdomo wazi, tayari kufoka, ila hakupata nafasi, maana gitaa lilikuwa limeshaachwa na ngoma, ikabidi azikimbilie. Pacha wakacheka wote wawili wakaingia mbioni. Mama mkubwa alipiga sakafu kwa raizoni zake akiwa palepale kitini, akaanza kuyakata maneno, akae, akae, akae kidogo. Na watu! Viti vilianguka. Yule mwanamke aliyekuwa amevivaa viatu vyake tena akavivua, akavirusha kabisa. Mzee wa bugaluu aliacha kubania pumzi, kifungo kikamtoka, hakukitafuta. Mimi sijui nilifikaje katikati. Nilijikuta nacheza na mtu nisiyemfahamu na machozi yananitoka.

Mama alifika mlangoni akaweka mkono kwenye kitasa. Hakukifungua. Alisimama vile, ametupa mgongo, mpaka ile pu.

Kabla makofi hayajapungua, baba alikuwa ameshashuka jukwaani. Alipita katikati ya watu wanaomshika mabega, fimbo mkononi, hamwoni mtu. Mama akafungua mlango, akatoka, naye akatoka nyuma yake, nami nyuma yao, kwa kuwa adabu ya kubaki ndani sikuwa nayo.

Nje kulikuwa na jua kali na ngazi za saruji. Baba alikuwa anahema.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

Mama alikuwa anaweka sawa mkanda wa mkoba. Alimwangalia akiwa na shati limelowa na fimbo mkononi, akamwangalia kwa muda.

"Siku ile ya viatu," akasema, "nilikuwa naingia zamu ya usiku."

Nilimwona baba anahesabu.

"Tulirekodi asubuhi," akasema.

"Najua."

"Sasa ulikuwa unakwenda wapi?"

"Sikuwa nakwenda popote, baba watoto. Nilisimama nione kama utanyanyua macho."

Mkono ulimwenda baba mfukoni kwenye funguo, kwa mazoea, kisha ukatoka mtupu. Akatafuta pa kukaa. Akakaa kwenye ngazi, palepale penye vumbi, na suruali yake nzuri. Mama akakunja gauni akakaa pembeni yake.

"Miaka yote hii," baba akasema.

"Ulikuwa hukai nikakwambia."

Ndani watu walikuwa wanaimba kuutaka tena wimbo, na sauti ya Sajenti ilisikika ikimtafuta mpiga ngoma. Nilimwambia baba wanamwita. Akasema amesikia. Hakuinuka. Bendi nyingine zikapanda, zikapiga, zikashuka, wageni wakatupita pale ngazini wakielekea makwao, na wale wawili walikuwa bado wamekaa, fimbo za ngoma zimelala kwenye mkoba wa mama. Nilikuwa nimechoka kusimama na nilitaka kwenda nyumbani. Mlinzi alikuja na kufuli lake, akatuomba kwa upole tumpishe afunge.